Moshi ilianguka ndani ya siku nane, vita vikaendelea miaka miwili na ushee: kwa nini?

Tarehe 13 Machi 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wapanda farasi wa Afrika Kusini waliingia Moshi pasipo mtu wa kuwazuia. Mashambulizi yalikuwa yameanza siku nane tu kabla ya hapo. Jenerali Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, ambaye hata mwezi haujatimia tangu ashuke melini Mombasa, akawa ameshika eneo lenye neema kuliko mengi katika koloni la Wajerumani: mlima na mito yake, mashamba ya walowezi, kichwa cha reli ya Tanga, na mji ambao tangu 1914 ulikuwa makao makuu ya adui yake. Mtu angedhani kazi imekwisha. Haikwisha. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita vya Ulaya kusimama.

Hapa kwetu Kilimanjaro kisa hiki husimuliwa kama habari ya Mjerumani mmoja mjanja aliyewachezesha Waingereza kidali po porini mpaka wakachoka. Ujanja ulikuwepo, sibishi. Ila ujanja haujibu swali lenyewe: jeshi lenye watu wengi mara kadhaa, lenye malori, ndege na mizinga, lilishindwaje kumkamata mtu anayetembea kwa miguu? Majenerali peke yao hawatoshi kulijibu. Inabidi tufuatilie maji, unga na mgongo wa mpagazi.

Walikuwa wanagombea nini

Tuanze na lengo, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Gavana wa koloni, Heinrich Schnee, hakuvitaka vita hivi. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha mwanya wa makoloni ya ukanda wa Kongo kukaa kando endapo mataifa ya Ulaya yatapigana, naye aliutaka mwanya huo. Risasi zingeharibu reli, mashamba na kodi, yaani kila kitu alichotumwa kukilinda.

Lettow, aliyefika Dar es Salaam Januari 1914, aliona kinyume kabisa. Alijua kwamba hatima ya koloni itaamuliwa Ulaya, si Afrika. Kazi aliyojipa ilikuwa kuwalazimisha Waingereza walete huku watu, meli na silaha ambazo vinginevyo zingepelekwa Ufaransa. Kwa kipimo hicho mji haukuwa na thamani kubwa kuliko kombania nzima ya askari walio hai. Smuts alikuwa akihesabu ardhi aliyoiteka, Lettow akihesabu askari wa Kiingereza walioko mbali na Ulaya, na kwa muda mrefu kila mmoja aliweza kuandika kwao kwamba anashinda, bila kusema uongo.

Jeshi la Lettow mwanzoni lilikuwa dogo: kombania 14, askari Waafrika 2,500 hivi, na Wajerumani mia mbili na ushee. Kombania ya kwanza ilikaa Arusha, katika boma lile lile ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zenye baruti inayotoa moshi mzito. Ukipiga risasi moja, adui anajua ulipo. Na baadhi ya askari hao walikuwa wamewahi kuwatumikia Waingereza. Mwaka 1911 Waingereza walivunja batalioni ya pili ya King's African Rifles, jeshi lao la askari Waafrika, ili kubana matumizi, na wanaume waliojua kazi hiyo tu wakavuka mpaka kutafuta ajira kwa Wajerumani. Sare ikabadilika, mshahara ukaendelea. Miaka mitatu baadaye Waingereza wakapigwa na watu waliowafundisha wenyewe.

Kuhusu watu wa mlima, tusisahau kalenda. Juni 1892 Mangi Meli wa Moshi alikipiga kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake von Bülow akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli pamoja na wenzake. Kwa hiyo vita vya 1914 vilipoanza, ilikuwa imepita miaka 14 tu. Wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani walikuwa wadogo zake na watoto wa waliopigana naye. Sioni sababu ya kuamini kwamba walibeba kwa mapenzi.

Reli mbili na nyika katikati

Kuielewa ramani, simama Himo njia panda uangalie mashariki. Kushoto unao mlima, kulia safu ya Pare, katikati uwazi unaokwenda Holili, Taveta, mpaka Voi. Uwazi huo ndio mlango. Upande wa Wajerumani kulikuwa na reli iliyotoka Tanga na kufika Moshi mwaka 1911. Upande wa Waingereza kulikuwa na reli ya Uganda, kutoka Mombasa kwenda Nairobi na Kisumu. Katikati ya Voi na Taveta kulikuwa na nyika ya zaidi ya kilomita mia, karibu yote kavu. Aliyekaa Taveta alikunywa maji ya mto Lumi na kumtazama mwenzake akihangaika na kiu. Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, na wakaishikilia mpaka Machi 1916.

Waingereza walipanga kuibana reli ya Tanga kwa ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Novemba 1914 kikosi kikubwa kutoka India kingetua Tanga, na kikosi kidogo kingeshuka kutoka Namanga kuipiga Longido, ili Wajerumani wa Kilimanjaro wasipate nafasi ya kwenda kusaidia pwani. Kwenye karatasi, mpango mzuri.

Longido inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa mambo yote yaliyokuja baadaye yanaonekana pale kwa udogo wake. Barabara kuu ya Arusha kwenda Namanga inapita chini ya mlima huo, na wanaosafiri Nairobi wameuona mara nyingi bila kujua. Watu 1,500 hivi, wengi wao Wahindi, pamoja na walowezi wa Kenya waliopanda farasi, walitembea usiku na kulipopambazuka tarehe 3 Novemba wakawa wanapanda mlima. Maji yao yalikuwa migongoni mwa nyumbu (nyumbu wa mzigo, mtoto wa punda na farasi, si hawa wa Serengeti). Risasi zilipoanza kulia, nyumbu walitimua mbio na maji yote. Chemchemi za mlima zilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Wale watu walipigana kutwa nzima juani na chupa walizokuja nazo, na si kwamba walifukuzwa. Giza lilipoingia waliteremka wakarudi Namanga, kwa sababu jeshi lisilo na maji halina kesho. Nyumbu waliochanganyikiwa waliiamua vita hiyo kuliko ofisa yeyote.

Huku nyuma, Lettow alipakia kombania zake kwenye treni Moshi na kuzipeleka Tanga. Waingereza walimpa muda wa kutosha, kwa kuwa meli yao ya kivita ilitangulia kuutahadharisha mji kwamba wanakuja. Tarehe 4 Novemba watu kama 8,000 waliotua pwani walikutana na watu 1,000 hivi na wakapigwa vibaya. Nyuki walichokozwa na risasi wakawauma askari, na nyuki hao wamepata sifa kubwa kuliko wanayostahili. Jambo zito lilikuwa treni. Mtu mwenye reli ndani ya nchi yake anaweza kuwa sehemu mbili kwa siku mbili, wakati mvamizi hawezi. Waingereza walipoondoka waliacha bombomu (bunduki za rashasha) 16, mamia ya bunduki za kisasa na risasi 600,000. Lettow aliwapa kombania tatu silaha mpya kwa ngawira hiyo.

Januari 1915 alishinda tena, pale Jasini karibu na mpaka wa pwani, na ushindi huo ndio ulioibadilisha akili yake. Risasi 200,000 ziliteketea na maofisa kadhaa wasio na mbadala walikufa. Meli za Kiingereza zilikuwa zimefunga pwani. Ujerumani haingemletea wengine. Alikiri mwenyewe kwamba hawezi kumudu vita zaidi ya vichache vya namna ile. Tangu hapo alianza kutuma makundi madogo kutoka Kilimanjaro, yakivuka nyika kwa miguu usiku, kutega baruti kwenye reli ya Uganda. Walibeba chakula kidogo na maji kidogo, na kiu iliwatesa vibaya, lakini treni ziliendelea kupinduka.

Jibu la Waingereza halikuwa la kishujaa, na pengine ndiyo maana husahauliwa. Walitandika reli. Kutoka Voi mataruma yalisogea magharibi mwaka mzima wa 1915 hadi Maktau na kuendelea, na bomba la maji likaletwa kutoka vilima vya Bura. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi iliyoiteka Moshi. Smuts alikuta meza imeshaandaliwa.

Machi 1916: mtego uliofungwa ukiwa mtupu

Kabla hajafika, wenzake kutoka Afrika Kusini walionja joto ya jiwe. Tarehe 12 Februari brigedi yao iliushambulia mlima wa Salaita, mashariki ya Taveta, ikarudishwa nyuma kwa aibu. Askari wa Kihindi wa batalioni ya 130 ya Baluchi, ambao hao makaburu walikuwa wakiwadharau, ndio waliowafunika wasimalizwe.

Smuts alikuja na zaidi ya watu 20,000, na Lettow alikuwa na sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Hakutaka kurudia Salaita. Mpango wake ulikuwa wa kumzunguka: Jenerali Stewart angetoka Longido, apite magharibi ya mlima, atokee nyuma ya Moshi na kuikata reli, Jenerali van Deventer na wapanda farasi wangevuka Lumi kaskazini ya Salaita, upande wa ziwa Chala, wengine wangegonga mbele. Stewart aliondoka tarehe 5 Machi. Van Deventer alivuka siku tatu baadaye, na Wajerumani walipoona mtu ubavuni waliiacha Salaita bila kupigana, kisha Taveta.

Walisimama kwenye vilima viwili vinavyobana njia magharibi ya Taveta, Latema na Reata. Hapo tarehe 11 Machi palikuwa moto. Shambulio la mchana la King's African Rifles na wenzao lilikwama, na kamanda wa batalioni ya tatu, Luteni Kanali Graham, akauawa. Usiku wakatumwa batalioni mbili za Afrika Kusini kupanda kwa singe. Gizani, kwenye miiba na mawe, kila mtu alimpoteza mwenzake. Waliorudi chini walileta habari kwamba shambulio limeshindwa, na amri ikatoka ya kurudi nyuma, maana van Deventer angewazunguka adui kwa vyovyote. Kumbe juu kulikuwa na watu ambao hakuna aliyewajua: Luteni Kanali Freeth na watu 18 walikuwa wameng'ang'ania kilele cha Latema, na Meja Thompson na watu 170 walikuwa upande wa Reata. Kulipokucha, Freeth aliangalia huku na kule na kukuta Wajerumani wamekwisha ondoka. Kila upande ulikuwa umejihesabia kushindwa usiku ule. Mmoja tu ndiye aliyewahi kufunga virago.

Na Stewart? Alichelewa. Nchi iliyo kati ya Longido na Moshi ina korongo na vichaka, magari ya ng'ombe yalikwenda kwa mwendo wa ng'ombe, na yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Alikutana na wenzake tarehe 14 Machi, mji ukiwa umeshachukuliwa na Wajerumani wakiwa wameteremka salama na reli hadi Kahe. Smuts alimwondoa kazini. Nadhani hukumu hiyo ilikuwa nusu ya haki tu: mpango ulimtaka mtu aende kwa kasi ya farasi huku unga wake ukija kwa kasi ya maksai.

Kahe ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kuwafungia. Wengi tunaijua kama stesheni ambapo reli inagawanyika kwenda Voi na kwenda Tanga, lakini mgawanyiko huo haukuwepo kabla ya vita hivi. Waingereza ndio walioiunganisha, mwaka huo huo wa 1916. Lettow alijichimbia nyuma ya mito, akiwa na mzinga mmoja wa Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani. Meli hiyo ilikuwa imeharibiwa Rufiji Julai 1915, na mizinga yake 10 ikatolewa majini, ikawekewa magurudumu na kukokotwa nchi kavu. Tarehe 21 Machi Waingereza walipiga mbele na van Deventer akazunguka nyuma kwa mara nyingine. Usiku Wajerumani waliondoka, wakaulipua mzinga wao wenyewe kwa kuwa haubebeki upesi, na asubuhi mahandaki yalikuwa matupu.

Kisha masika ikafika. Aliyewahi kukwama na gari ukanda wa chini, kutoka Njia Panda kwenda Kahe, hahitaji maelezo. Jeshi lote lililokuwa likikimbia lilisimama kwenye tope kwa wiki kadhaa, na Lettow akapata muda aliouhitaji.

Kuichukua Moshi hakukuwa kazi bure, na hapa sikubaliani na wanaosema Smuts hakupata chochote. Lettow alipoteza chakula cha Kilimanjaro na Arusha, na baadaye mwaka huo akaipoteza Usambara na kituo cha utafiti cha Amani, kilichokuwa kikitengeneza dawa ya malaria kutokana na magome ya mkwinini. Mtu aliyekuwa akipigana kutoka ghalani sasa alilazimika kupigana akitafuta mlo. Shida ni kwamba Smuts naye, kwa kumfuata, aliitupa silaha yake bora, yaani reli ya kutoka Voi. Kila kilomita aliyosogea kusini ilimfanya awe maskini zaidi.

Kilo 25 mgongoni

Aprili 1916 van Deventer alitoka Arusha na wapanda farasi kwenda Kondoa Irangi. Njiani alikutana na kombania ya Wajerumani iliyoshika mlima wa Lolkisale na maji yake. Ilibidi aupate mlima au farasi wafe kwa kiu. Aliupata, kombania ikasalimu amri, na tarehe 19 Aprili akaingia Kondoa. Kwenye magazeti ya Afrika Kusini ilikuwa fahari. Kwa mbung'o ilikuwa karamu. Ukanda ule una mbung'o, na farasi hana kinga dhidi ya nagana, ugonjwa wanaoueneza. Wafugaji wetu walijua tangu enzi za mababu pori gani halipitishwi mifugo, hakuna aliyewauliza. Farasi walikufa kwa wingi, waliobaki hawakufaa, na jeshi la wapanda farasi likakwama Kondoa likiwa jeshi la waenda kwa miguu, likilishwa na wapagazi walioanzia Lolkisale.

Malori yalikuwepo ila barabara hazikuwepo, na reli ya Tanga Wajerumani waliing'oa na kulipua madaraja yake walipokuwa wakirudi nyuma. Kwa hiyo kila kitu kikarudi kichwani na mgongoni mwa mtu. Na mtu ana hesabu yake, ambayo hakuna jenerali anayeweza kuipinga.

Chukua mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga. Anakula kama kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20, na amefikisha kilo tano. Sasa weka mbele askari 1,000, nao kila mmoja na kilo yake kwa siku. Wanahitaji wapagazi 200 wafike kila siku inayopambazuka. Kwa kuwa kila mpagazi yuko njiani siku 20, unahitaji watu 4,000 barabarani wakati wote, kwa unga peke yake, bila risasi, bila dawa, bila mahema ya maofisa. Sogeza askari hao mbele kwa mwendo wa siku mbili tu zaidi. Mpagazi atakula kilo 24 na kufikisha moja. Idadi inaruka hadi 24,000. Ongeza nusu siku, na atafika mikono mitupu.

Bila shaka kulikuwa na maghala ya njiani, na jeshi lilichukua chakula vijijini. Lakini ghala la njiani nalo lazima lijazwe na mtu, na kijiji kilichochukuliwa chakula hakina cha kumpa atakayepita kesho. Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Jeshi kubwa lilipomkaribia Lettow lilikuwa limeshajila lenyewe njiani. Lilifika na watu wachache, wenye njaa, kwa ajili ya kupigana na watu wachache waliokuwa wamekula mavuno ya mahali pale juzi. Wingi wa Smuts ulikuwa mzigo wake.

Maradhi yakamalizia. Batalioni ya tisa ya Afrika Kusini ilianza Februari 1916 na watu 1,135. Oktoba waliobaki na nguvu ya kusimama kazini walikuwa 116, na hawakuwa wamepigana sana. Malaria, kuhara damu na funza viliwamaliza. Dar es Salaam ilichukuliwa Septemba 1916, reli ya kati yote ikashikwa, na bado mtu wa kumkamata hakuwepo. Januari 1917 Smuts aliondoka kwenda London, akaeleza huko kwamba vita vya Afrika Mashariki kimsingi vimekwisha. Wazungu wengi wa Afrika Kusini walikwisha rudishwa kwao. Kazi iliyobaki wakaachiwa askari Waafrika: King's African Rifles iliyokuwa na batalioni tatu mwaka 1914 ilifika batalioni 22 ilipofika 1918. Oktoba 1917 pale Mahiwa, kusini, majeshi hayo yalipigana kwa siku nne. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu kama 4,900 waliokuwepo, wakiwemo waliojeruhiwa. Lettow alipoteza watu 500 hivi na akaona hawezi tena kuwalisha wote. Aliwaacha nyuma wagonjwa na dhaifu, akavuka Ruvuma mwezi uliofuata na Wajerumani 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000. Siku ile ile aliyovuka aliishambulia ngome ya Wareno ya Ngomano ili apate bunduki na chakula. Tangu hapo alikula kwa adui.

Ushujaa huo wa kusifiwa Ulaya ulilipiwa na watu wengine. Wajerumani waliwachukua wapagazi bila ujira, na walipoanza kutoroka wakawafunga kamba. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kulima, njaa ya Mtunya iliua watu wengi ajabu. Wagogo hawakuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Upande wa Waingereza waliandikwa wapagazi karibu milioni moja katika miaka yote ya vita, na kwa hesabu rasmi walikufa zaidi ya 95,000. Risasi iliwaua wachache. Mtu aliyezoea ndizi, aliyetolewa mlimani penye baridi na kupelekwa Rufiji akapewa mahindi yasiyopikwa yakaiva, tumbo lilimuua ndani ya wiki chache.

Aliposalimu amri Mbala, Lettow alikuwa na Wajerumani 155, askari 1,168 na wapagazi 1,522. Hata mwishoni wabebaji walikuwa wengi kuliko wapiganaji.

Moshi kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na Taveta vilevile, yenye mawe yaliyochongwa majina, namba na vikosi. Aprili 2021 tume inayoyatunza ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina kwenye makaburi au minara ya kumbukumbu, au hawakukumbukwa kabisa. Mara nyingi husemwa kwamba wapagazi hawakuwekewa kumbukumbu za maandishi. Lakini waliandikishwa, walipewa namba, na hesabu za ujira wao zilifunguliwa. Ndiyo maana baada ya vita serikali ya kikoloni ya Kenya iliweza kuvutana na London kwa miaka mingi kuhusu fedha za wapagazi waliokufa kabla ya kulipwa.